Dawa ya Kichwa

Dodoma, 14 Januari 2025

Mdogo wangu Vestina,

Mwaka mpya umetukuta wazima, tunamshukuru Mungu. Wifi yako mguu umepona, ameanza tena kwenda kwaya. Kubwa zaidi, Imakulata binti yangu amepata mchumba. Ni kijana mwalimu, baba yake katekista, watu wanaojiheshimu. Mshenga ameshakuja mara mbili, na Mungu akipenda watafunga ndoa Julai. Mpe habari hizo shemeji Hilari, na mama yake, mama Laurence.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Naandika kwa sababu simu ya huko kwenu ukiipiga unaongea na nyumba nzima. Ulinipigia tarehe tatu kwa simu ya jirani, unalia kwamba dawa imeisha tangu Desemba ishirini na nane. Vestina, mwezi wa kumi na moja nilikutumia vidonge sitini. Kimoja kila jioni, hiyo ni miezi miwili. Vimeishaje kwa wiki tano na nusu? Daktari alikuambia nikiwa nimekaa pale pale: kimoja, saa ile ile, na ukisahau leo usimeze viwili kesho kufidia. Zile siyo karanga! Ndani ya kila kidonge kuna dawa mbili, na huko Mpanda hazipatikani. Ninazitafuta mimi, ninazipandisha basi mimi, halafu wewe unazichezea.

Nimekuwekea sitini vingine kwenye kopo, nimeandika juu kwa herufi kubwa kama kawaida: DAWA YA KICHWA – VESTINA. Vikiisha tena kabla ya siku zake, dawa atashika Hilari. Na kama hilo nalo litashindikana nitakuja kukuchukua ulazwe tena hapa, wiki saba kama mwaka juzi. Chagua.

Watu wakiuliza, jibu ni lile lile tulilokubaliana. Malaria ilipanda kichwani.

Kaka yako,
Didace


Litapunga, 2 Februari 2025

Kaka Didace,

Huku mvua inanyesha mpaka tumeichoka. Mahindi yametoa mbelewele, maharage yameoza nusu. Watoto wazima. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, mama Laurence, ana presha yake na kichwa chake kinachomgonga kila siku, ila siku hizi analala vizuri na amenenepa. Amemaliza kisomo cha watu wazima pale parokiani. Sasa hatupumui! Kila chenye maandishi anakisoma kwa sauti, hata mfuko wa mbolea. Hongera sana kwa Imakulata. Mimi shangazi yake, masenge kama alivyokuwa anasema mama, nitakuja kumkalisha chini kabla ya ndoa ilivyo desturi yetu.

Haya. Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kupalilia, nikarudi nikaisoma tena, na hasira ikawa pale pale. Mimi ninachezea dawa? Mimi? Kaka, nimeolewa, nina watoto watatu, nalima ekari nne, na kila jioni baada ya ugali nameza kidonge kimoja kwa maji. Kimoja! Sijawahi kumeza viwili. Kopo lako lilifika tarehe kumi na saba. Leo asubuhi nimevimwaga vyote juu ya mkeka nikahesabu. Vinatakiwa vibaki arobaini na vinne. Vipo thelathini na nane. Sita vimekwenda wapi sijui, ila havikupita kwenye koo langu. Kuanzia leo kopo nalifunga kwenye kitenge changu, kiunoni, tuone.

Wewe ulikaa Dodoma ukahesabu kwenye karatasi. Unajua siku ishirini bila dawa ni kitu gani? Wiki ya kwanza usingizi ulinikimbia. Ya pili nilicheka msibani, watu wakanitoa nje. Ya tatu sikuoga, sikuwasha moto, nilisikia wanangu wananiita nikaona hata kuitika ni mzigo. Nikaanza kufikiri wangepata nafuu kama nisingekuwepo. Soma hapo mara mbili, Kaka, ndiyo urudi kunigombeza.

Na kuna kitu nakuuliza. Juzi gego lilinivimbisha shavu, nikaenda zahanati. Nesi Kashinje akauliza natumia dawa gani nyingine. Nikasema ya kichwa. Akasema Panadol? Nikasema hapana, nikamtolea kopo. Akaligeuza, akalitikisa, akasema, “Mama, hili si jina la dawa. Kuna za maumivu zinagombana vibaya na dawa nyingine, na mimi sitoi dawa juu ya dawa nisiyoijua.” Nikarudi na shavu langu. Boksi lake liko wapi? Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani iko wapi? Mbona dawa kwangu inafika kwenye kopo la asali?

Vestina


Dodoma, 11 Machi 2025

Mdogo wangu,

Barua yako niliipata. Hapa tuko kwenye Kwaresima, jumuiya imenichagua tena kuwa mwenyekiti ingawa nilikataa. Wifi yako anasalimu. Mipango ya Imakulata inakwenda vizuri, upande wa mume wameleta barua ya posa. Shughuli yenyewe tunataka iwe ndogo, ya watu wachache, kwa hiyo usisumbuke sana na safari. Basi ni siku nzima na zaidi, na wewe afya yako.

Nimetuma sitini. Nimeongea na Hilari kwa simu, yeye ndiye atakayeshika kopo na kukupa kimoja kimoja. Usilichukue kwa ubaya. Ni kwa usalama wako.

Kuhusu karatasi, tutaongea.

Didace


Litapunga, 24 Aprili 2025

Kaka,

Salamu za Pasaka zipokee, na ushukuru kwamba nimekusalimu.

Kwa usalama wangu! Wiki tano sasa nanyoosha mkono kama mtoto anayesubiri pipi. Hilari akikumbuka, napata. Akisahau, nakaa mlangoni namwangalia mpaka aone aibu. Alipokwenda Mpanda siku mbili kufuatilia mbolea, unajua ufunguo wa sanduku alimwachia nani? Mama yake. Akasema mama ni mtu mzima, anaaminika. Na nikwambie, mwezi wa pili wote kopo lilipokuwa kiunoni kwangu hakikupotea kidonge hata kimoja. Lilipoingia kwenye sanduku la mwenye akili timamu, vikaanza kutoweka tena!

Sasa sikia kilichotokea Jumapili ya Pasaka. Kanisa limejaa. Baada ya mahubiri tukasimama kwa Nasadiki, mabukwe naye akasimama, akayumba, akaenda chini chali na kichwa kikagonga benchi. Tukambeba mpaka zahanati. Nesi Kashinje akampima presha, iko chini kabisa. Anaongea kama mlevi. Nesi anauliza amekula nini, amekunywa nini, amemeza nini. Hilari anasema dawa zake za presha tu. Nikamfungua kitenge apate hewa. Kwenye fundo, Kaka, vidonge vyangu vitatu.

Nikamuuliza, “Mabukwe, hivi umevitoa wapi?” Akafungua macho, akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. Akasema, “Si imeandikwa dawa ya kichwa? Nimesoma mwenyewe. Na mimi kichwa kinaniuma.”

Amesoma mwenyewe. Miaka sabini hajui kusoma, amejifunza, na neno la kwanza lililomfaa ndani ya nyumba ni uongo wako. Tangu mwaka jana anameza, siku moja moja, kisha kila siku, maana zilimpa usingizi na hamu ya kula. Jirani yetu Gaudiose naye kichwa kilipomsumbua akagawiwa vinne, kwa upendo kabisa. Asubuhi ya Pasaka mabukwe alimeza viwili pamoja na dawa yake ya presha, ili asiumwe na kichwa kanisani. Hakuiba, Kaka. Usithubutu kusema ameiba. Jina langu lilikuwepo, ndiyo, lakini ndani ya nyumba yetu dawa ya kichwa ni ya mwenye kichwa.

Nesi akapaza sauti: “Hii ni dawa gani? Nani anajua?” Mlangoni wamejaa wanawake wa kanisa. Hilari ananiangalia. Nakiri, sauti yako ilikuwa sikioni mwangu, malaria, malaria. Halafu nikamwona yule mama anavyotetemeka. Nikasema. Nikasema ni olanzapini na fluoksetini, zimewekwa pamoja kwenye kidonge kimoja. Majina hayo daktari aliyasema mara moja tu, na mimi niliyashika kama watu wanavyoshika litania. Nikasema ni dawa ya ugonjwa wa akili, unaitwa bipola, unanipandisha na kunishusha, na mgonjwa ni mimi.

Nesi hakupoteza muda kushangaa. Alijua la kufanya, akamlaza, akampima na sukari, akamwangalia mpaka jioni. Amepona, yupo nyumbani, anasema nisimsemeshe sana. Gaudiose ameambiwa aache.

Hilari hajaongea nami siku ya nne sasa. Kwa sababu kwake mke wake alipona malaria mwaka juzi.

Vimebaki vitano. Tuma haraka. Na safari hii jibu swali: karatasi iko wapi?

Vestina


Dodoma, 29 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu mama Laurence amesalimika. Mpe pole yangu, na Hilari pia.

Boksi nililitupa. Karatasi niliichoma. Kila mara. Nilisoma ya kwanza, juu kabisa imeandikwa ni ya ugonjwa gani, nikawaza ikianguka mikononi mwa watu wa Litapunga utarudishwa nyumbani. Mimi ndiye niliyewaambia akina Hilari ni malaria, mimi ndiye ningeumbuka. Nilikosea, nisamehe.

Lakini nakuomba kitu, na unisikilize kama kaka. Mshenga wa upande wa kijana anachunguza ukoo. Unajua watu wanavyouliza kabla ya kuoa: huko kwenu kuna kifua kikuu, kuna uchawi, kuna kichaa? Tumefika pazuri. Baada ya ndoa sema utakavyo, ila mpaka Julai tufunike kombe mwanaharamu apite. Binamu yetu Goreth amekubali kukaa kwenye kiti cha shangazi siku hiyo. Imakulata tumemwambia kichwa kinakusumbua, huwezi safari.

Natuma thelathini kwa sasa. Nyingine nitatuma tukielewana.

Didace


Litapunga, 25 Mei 2025

Kaka Didace,

Tumevuna. Mahindi si mabaya. Mabukwe mzima, amerudi kwenye mifuko ya mbolea.

Tukielewana! Barua yako yote niliweza kuimeza, hata ile ya Goreth kukalia kiti changu, lakini neno hilo lilinikwama. Yaani dawa imekuwa fimbo mkononi mwako, nikinyamaza napewa, nikisema nanyimwa? Unajua ukiikata ghafla nakuwaje, nilikuandikia. Nilikwambia usome mara mbili. Na bado ukahesabu thelathini.

Basi hatujaelewana, na sikuhitaji tena uzitume. Nesi Kashinje alinipeleka mwenyewe mpaka Mpanda mjini, siku anayokuja daktari wa magonjwa ya akili. Hilari alikuja. Ndiyo, Hilari. Alikaa kimya siku kumi na mbili, ya kumi na tatu akaniuliza, “Ule mwezi uliokuwa unaimba usiku kucha ukauza mbuzi wawili kwa bei ya kuku, ndiyo ilikuwa hiyo?” Nikasema ndiyo hiyo. Akasema, “Nilidhani umenichoka.” Miaka mingapi mume wangu anadhani nimemchoka, kisa wewe unalinda heshima!

Daktari akampigia yule wa Dodoma, wakaongea. Dawa ni zile zile mbili, Kaka, ila hapa zinatolewa mbalimbali, kila moja kwenye pakiti yake yenye jina. Akanionya nisije nikazimeza hizi juu ya zile za kwako, maana itakuwa nimemeza kipimo mara mbili. Vyako kumi na kimoja vilivyobaki nimemkabidhi nesi, nimeviona vikiondoka. Wamenipima uzito na sukari, nitapimwa tena, kwa sababu dawa hii inanenepesha na inaweza kupandisha sukari. Sasa hilo lilikuwa kwenye karatasi uliyochoma. Nikiamka nisikurupuke, pombe niiache, na yale mawazo ya kutokuwepo yakirudi niseme siku hiyo hiyo, nisisubiri kesho. Hilari naye ameambiwa aniulize. Ananiuliza kila jioni kama karani wa sensa, na mimi namjibu.

Nikuambie na lingine. Mwaka juzi kule Dodoma daktari aliniuliza, kwenye ukoo kuna mwingine aliyeumwa hivi? Nikasema hakuna. Nilisema hakuna kwa sababu ulikuwa umekaa kiti cha pembeni unaniangalia. Safari hii ulikuwa mbali. Nikasema mama.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini sikuwa kipofu. Nilimwona anaimba akifua usiku, nilimwona amekaa mlangoni wiki nzima bila kusuka hata kikapu. Halafu ukatoka nje ukatuambia malaria imempanda kichwani, amekufa. Sijakuuliza hata siku moja. Leo pia sikuulizi. Lakini Imakulata anakwenda kuzaa. Akijifungua akaanza kulia asijue analia nini, utampa Panadol? Utamwandikia kopo?

Mabukwe, yule uliyemwogopa atanirudisha kwetu, unajua aliniambia nini? Alisema, “Ungeniambia, ningekutunzia ufunguo vizuri.” Basi. Hayo ndiyo maneno yote.

Ninakuja Julai. Nitakaa kwenye kiti changu, na mwanangu Imakulata akiniuliza nitamjibu. Mshenga akiniuliza nitamjibu pia. Kama hutaki binti yako alisikie kutoka kwangu, mwambie wewe, kwa mdomo wako, na utaje jina la ugonjwa. Wakivunja posa kwa ajili ya mimi kumeza dawa yangu, basi bora wavunje sasa kuliko akiwa na mtoto mgongoni.

Wako asiyeumwa kichwa,
Vestina


Dodoma, 29 Juni 2025

Vestina,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Salamu nitakupa ukifika. Tiketi yako na ya Hilari nimeziacha kwa wakala wa basi pale Mpanda, za tarehe kumi na tano. Goreth nimemwambia kiti kina mwenyewe. Dawa zako beba mkononi na pakiti zake, usiziweke kwenye mzigo.

Nimemwambia Imakulata leo baada ya misa. Nilizunguka sana. Nilianza na kichwa, nikarudi, nikataja jina. Hakulia. Alisema mchumba wake anatakiwa ajue, akampigia pale pale mbele yangu, akamwambia kwa sentensi mbili. Kijana akauliza kama shangazi anaendelea vizuri. Baba yake bado hajasema kitu, wanakuja Jumamosi. Posa inaweza kuendelea, inaweza kuvunjika, sijui.

Halafu akaniuliza, “Na bibi?”

Hukuniuliza wewe, ameniuliza yeye. Nikamjibu. Nilimwambia bibi yake alijiua. Kwamba mimi ndiye niliyemkuta, na mimi ndiye niliyemwambia padri ni malaria, kwa sababu niliogopa hatasomewa misa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nyie wadogo mlikuwa mnalia nje. Tangu siku hiyo sijawahi kulitamka. Hata wifi yako alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza, amesimama na sufuria mkononi.

Imakulata akaniuliza kama wakati ule dawa zilikuwepo. Vestina, sijui. Nilikuwa nimeshasema malaria, sikuweza tena kumuuliza mtu.

Didace